Mama Mkwe Anaongea na Ukuta

Jumanne, 3 Septemba 2013

Marsiana amekufa. Mke wangu. Homa ilianza Jumamosi. Leo asubuhi hospitali wameniambia nikatafute gari la kumchukua.

Nimemwambia msimamizi wa ghala sitabeba magunia mpaka msiba uishe. Kasema pole, kisha kauliza nani atashika nafasi yangu.

Nimepiga simu kijijini Kate, kwa mama mkwe. Kapokea mwenyewe. Mimi na yeye hatuongeagi, ndiyo adabu, mkwe na mkwe. Nikampa simu binti yetu, Evodia. Evodia ana miaka kumi. Kwa hiyo yeye ndiye aliyemwambia bibi yake. Hilo sikulipenda, lakini simu nilishampa.

Alhamisi, 5 Septemba

Tumezika jana. Baridi, upepo, vumbi mpaka kwenye meno.

Katekista aliomba picha ya marehemu aiweke juu ya jeneza. Nikatoa simu. Simu yangu ya mchina, laini mbili, tochi, kamera. Pale ghalani hakuna mwenye picha nyingi kama mimi. Nikaanza kutafuta, watu wananichungulia begani. Lori la tajiri. Mimi na lori la tajiri. Mimi juu ya magunia. Sahani ya wali wa Krismasi. Mimi nimeshika usukani, lori limezimwa. Marsiana wapo watatu. Wa kwanza kaficha uso kwa ungo. Wa pili ni kidole changu. Wa tatu yuko bombani anachota maji, mgongo tu.

Katekista kasema basi, msalaba unatosha.

Mama mkwe amefika. Anakaa jikoni na wanawake. Hatutazamani. Akiingia natoka. Akiwa na neno la kunipa anauambia ukuta, mimi niko upande wa pili nasikia. Leo kauambia ukuta hivi: mwanaume kaishi na mwanangu miaka yote, nyumba nzima ina kalenda ya mbolea. Sura ya mwanangu haimo. Mtu ambaye hakumwona mama, mtoto atamwona? Jumamosi ya wiki ijayo tukianua tanga, Evodia anakwenda Kate na mimi.

Evodia alikuwa anaosha vikombe. Hakuinua kichwa.

Haendi popote. Ndiye niliyebaki naye.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeshinda kwa Limbu, jirani. Msukuma, kaja kutoka Mtowisa na ng'ombe wake, kajenga karibu na mimi. Sebuleni kwake katundika picha ya dume lake, fremu nzuri, kioo. Dume limetulia kuliko mwenye nyumba. Kaniuliza natazama nini. Nikamwambia nawaza. Kasema niwaze nimekaa, nazuia mwanga.

Nikapata akili. Mama mkwe analilia ukuta. Nitampa ukuta. Picha mtindo mmoja, mimi na Marsiana tunapendana. Akiziona atakosa pa kuanzia, mtoto atabaki.

Nikaenda kwa Saad, yule wa kusafisha picha karibu na stendi. Kachomeka memori kadi yangu kwenye kompyuta, kaziangalia zote. Kaniuliza kama nimeoa lori. Nikamwambia nimefiwa na mke. Kasema pole sana kaka, kisha akageukia mashine. Mabega yalikuwa yanacheka.

Ile ya bombani kaisafisha kubwa. Ni kitenge na ndoo. Nikamwambia aigeuze kwenye kompyuta tuone uso. Kasema mashine haiwezi kuzunguka kwenda mbele ya mtu.

Nikiwa njiani kurudi nikapata akili ya pili. Kama Marsiana ni mgongo na kitenge, kitenge ninacho. Migongo iko mingi mtaani.

Jumapili, 8 Septemba

Mama mkwe na Evodia walikwenda misa. Nikafungua sanduku la Marsiana. Nguo za marehemu haziguswi mpaka tanga lianuliwe, ndugu zake wagawane. Najua. Nilikuwa naazima tu.

Minza, mke wa Limbu, ana kimo kile kile. Kwanza kakataa. Kasema havai nguo ya marehemu. Nikamwambia ni mgongo tu unaohitajika. Kasema mgongo wake hautembei peke yake, akienda nao anakwenda na yeye. Limbu kamwambia mama, mvalie jirani, kafiwa huyu. Ila kwa sharti. Dume liwemo.

Limbu ndiye kapiga picha. Anapiga kama anayechunga, anarudi nyuma mpaka zizi zima limeenea.

Ya kwanza, namshikia Marsiana mwavuli. Minza kasema Septemba hakuna mvua. Nikamwambia huo ni upendo. Ya pili, tunatoka bombani, kila mtu na ndoo yake, mimi natazama kamera. Mimi sijawahi kubeba ndoo ya maji, ni nzito kwa namna yake, si kama gunia. Ya tatu, nimepiga goti namvisha kiatu. Hapo Minza kamwambia Limbu, unaona wenzako, wewe hujawahi kunivisha hata kofia. Limbu akabonyeza haraka. Ile picha kanikata kichwa.

Dume limo kwenye zote. Kwenye ya mwavuli ni makalio yake.

Nimerudisha kitenge sandukuni kabla misa haijaisha. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 10 Septemba

Saad kasafisha. Wino mwekundu ulikuwa umemwishia, hakusema mpaka zimetoka. Mimi ni wa kijani. Minza kijani. Dume, sijui kwa nini, limetoka rangi yake kabisa. Nikamwambia arudie. Kasema hiyo ndiyo staili ya mjini, watu wanaiomba. Kwenye picha za ukutani kwake watu wote wana rangi za watu. Nikamwonyesha. Kasema hao ni wa zamani.

Fremu za Saad zina bei ya mbuzi. Nikaja nyumbani, nikang'oa vioo vya dirisha la sebuleni. Kioo ni kioo. Mbao za kreti, misumari. Nimetengeneza fremu tatu kwa mkono wangu. Nzito. Moja ilinidondokea mguuni, kioo hakikupasuka, mguu umevimba.

Dirisha sasa ni matundu. Upepo wa Sumbawanga hauna haya, unaingia mpaka chumbani. Nikaziba na magunia, na tundu moja lililobaki nikasokomeza ile picha ya Marsiana bombani, ya mgongo. Haikuwa na kazi nyingine.

Jumatano, 11 Septemba

Nimetundika. Kalenda ya mbolea nimeishusha. Ukuta umejaa.

Watu wa msibani wamekuja kuona mmoja mmoja. Mjumbe wa mtaa kauliza kama tulikuwa tunaumwa manjano. Nikamwambia ni staili ya mjini. Limbu kaja na shemeji zake wawili kuwaonyesha dume.

Evodia kasimama muda mrefu. Kauliza, baba, mama alipigwa lini hizi? Nikamwambia hukuwepo, ulikuwa shule. Kasema hata Jumapili? Nikamtuma chumvi.

Jioni mama mkwe kaingia, mimi nikatoka kama inavyotakiwa. Nikachungulia kwa pembe ya gunia la dirishani. Kajifunga blanketi, kazitazama zote. Kasogea karibu, karudi nyuma. Usiku mzima ukuta wa jikoni hakuuambia kitu.

Nimemweza.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumeanua tanga. Ndugu wa Kate wamekuja na gari zima. Asubuhi wakafungua sanduku kugawana nguo. Mama mkwe kashika kile kitenge, kakikunjua mbele ya watu. Kwenye pindo pana mavi ya ng'ombe, yamekauka. Mimi sikuyaona siku ile. Kanusa. Kakikunja tena polepole. Kisha akaja sebuleni nacho.

Nikatoka mpaka kizingitini, macho chini, adabu. Nikajua ataongea na ukuta, nimezoea.

Hakuongea na ukuta. Kasimama mbele ya picha ya ndoo, kaninyooshea kidole mimi wa pale. Kasema: hujambo, baba Evodia. Leo nimekuona.

Watu wakasogea, vikombe mkononi.

Adabu inakataza kumtazama mkwe wako. Picha ya mkwe wako haijakatazwa na mtu. Mimi hilo sikuliwaza. Nimemkatia kioo, nimempigilia misumari, nimemtundikia usawa wa macho yake.

Akaanza. Baba Evodia, wewe wa kijani. Marsiana alikuwa mashoto tangu ananyonya. Tulimfunga mkono, tukamchapa, ikashindikana. Huyu uliyenaye kashika ndoo kwa mkono wa kulia. Na mwanangu alikuwa anakunja pindo akipita penye ng'ombe.

Minza alikuwa anamimina chai. Ikamwagika yote mapajani mwa mjumbe.

Mama mkwe kamwambia, Minza mama, usiogope, wewe uliombwa. Mgongo wako mzuri. Halafu akanirudia mimi wa ukutani. Kasema, unajua kwa nini huna sura yake? Ulimpiga picha anapuliza moto, macho yanamtoka machozi, masizi mpaka puani. Ukapeleka ghalani mkacheka. Alinisimulia akiwa Kate. Tangu hapo ukiinua simu anageuka. Mwaka hadi mwaka anageuka. Wewe ukaona ni haya za wanawake.

Ile picha niliifuta. Watu waliipenda.

Akahamia kwenye picha ya kiatu. Kasema, hapa huna kichwa, hapa umetoka kama ulivyo. Kuna mtu alicheka jikoni. Sauti kama ya Limbu.

Kisha kaenda dirishani. Kavuta ile karatasi niliyosokomeza tunduni. Kaikunjua, kaipangusa vumbi kwa kanga, kaishika mbele ya mwanga. Ndoo ilikuwa mkono wa kushoto. Alikaa chini pale pale sakafuni nayo, wanawake wakaanza kulia upya kama siku ya kuzika.

Baadaye wazee wa pande zote wakasema mtoto aende Kate, mpaka baba yake atulie.

Nilikuwa na majibu. Mengi, mazuri. Lakini yeye siwezi kumtazama, na picha yake kwangu haipo. Nimjibu nani?

Limbu kanisogelea. Kasema pole sana jirani. Kisha kauliza, kwa kuwa hizi sasa hazina kazi, ile ya mwavuli anaweza kuichukua?

Jumapili, 15 Septemba

Mama mkwe na Evodia wameondoka na basi la asubuhi. Nimebeba begi la Evodia mpaka stendi. Tulipofika kaniambia, baba, kwa bibi mtandao haushiki, unashika juu ya kichuguu tu nyuma ya shule. Upige jioni, nitakuwa nimepanda. Nikamwambia nitapiga. Kasema kila siku? Nikamwambia kila siku. Kanitazama kama msimamizi wa ghala anavyonitazama.

Nikasema ngoja nikupige picha moja ya kumbukumbu. Nikainua simu. Evodia kageuka.

Nikampiga hivyo hivyo. Begi limetoka vizuri.

Basi likawasha. Nikabaki nimesimama na simu mkononi, na hapo akili ikanijia, safari hii ya kweli. Mama mkwe alikuwa amekaa dirishani, anatazama mbele, hana habari. Nikazunguka nyuma ya muuza mahindi, nikampiga. Nusu ya kilemba, jicho moja, kidole changu kidogo pembeni. Ni yeye kabisa.

Nimepita kwa Saad. Kasema wino mwekundu unaingia wiki hii. Nimemwambia anisafishie kubwa kupita zote. Fremu ninayo, ile ya kiatu nitaivunja. Dirisha la chumbani bado lina vioo. Nitamtundika sebuleni, nitakaa kitini mbele yake, nitamjibu neno kwa neno, mpaka akubali mwenyewe kumrudisha mtoto. Kuhusu masizi nina majibu. Kuhusu kulia na kushoto pia.

Jioni nilikuwa nachagua picha, salio sikuweka. Evodia atakuwa ameshuka kichuguuni.

Kesho narudi kazini.