Kotmiri Chini ya Taa ya Zambarau

Jamani, leo heshima yangu imekwenda na maji.

Mnajua ninavyopenda kotmiri. Nikiipanda uani, jua la Bagamoyo linaiunguza. Ikinusurika na jua, mbuzi wa jirani hawaisazi. Basi nikaihamishia chumba cha wageni, chini ya taa maalumu za kuoteshea mimea. Zinatoa mwanga wa zambarau. Dirisha nimeliziba kwa kaniki, jua lisipenye. Visubi navifukuza kwa ubani. (Someni tena hiyo orodha, polepole. Mimi sikuwahi kuifikiria.)

Leo ilikuwa posa ya binti yangu, Rukia. Asubuhi akanisihi, "Baba, leo tu. Usiwaonyeshe wageni majani yako."

"Mimi? Hata!"

Walitarajiwa baada ya Alasiri. Mapema mchana nikaingia kuinywesha miche, kifua wazi, msuli kiunoni. Chupa ya kunyunyizia ikagoma. Nikafanya kama mafundi cherehani wa zamani wakipiga pasi: funda la maji mdomoni, pfuuu! juu ya majani. Kisha nikaibembeleza: "Kua, mwanangu, kua! Usiniaibishe."

Mlango ukafunguka.

Wageni wamewahi! Mzee Salum, mshenga wao, alikuwa akitafuta bafu atawadhe. (Mke wangu alimwambia mlango wa kushoto. Akafungua wa kulia.) Akanikuta nusu uchi katikati ya moshi, maji yananichuruzika kidevuni.

"Audhubillahi!"

"Karibu, Mzee, hii ni kotmiri tu!"

"Shikamoo," akajibu, akirudi kinyumenyume.

Mtu rika la baba yangu ananiamkia mimi!

Nikavaa shati, nikaenda sebuleni kueleza: mwanga, mizizi, sayansi. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyoharibu. "Tumeelewa, mkubwa," wakaitikia wote. Sambusa hazikuguswa, zilikuwa na kotmiri. Mahari tuliyotaja wakaikubali papo hapo. Pwani hii, ambako watu hubishania mahari mpaka chai inapoa!

"Wamekubali kwa woga, Baba!" Rukia analia jikoni. "Nitaishije na wakwe wanaoniogopa?"

Nikawasindikiza wageni. Mzee Salum akabaki nyuma akivaa viatu, akaninong'oneza, "Nina goti linanisumbua."

"Mzee wangu, wallahi ile ni kotmiri."

"Najua, najua. Inanywewa au inapakwa?"

Atakayecheka humu, kadi ya harusi haitamfikia.