Kikombe cha Uyoga wa Chiwata

Jumanne, 10 Januari 1956

Lazima nifike Newala. Sababu ni Agnes, binti wa mwalimu wetu aliyehamishiwa huko. Sijawahi kuongea naye. Mwaka jana alipiga chafya darasani, nikamwambia pole, ila kimoyomoyo.

Bi Julia wa misheni, yule anayechora mimea, anapanda Newala kwa lori wiki ijayo kuchora uyoga. Anataka kijana mmoja anayejua Kiingereza. Tuko wawili, mimi na Cuthbert. Cuthbert anakisema Kiingereza kama anagombana na mtu. Mimi nakijua zaidi, ila hakitoki. Bi Julia amesema nafasi ni ya atakayemletea uyoga mzuri wa jamii ya Amanita, mzima, kofia mpaka chini.

Alhamisi, 12 Januari

Nimesoma kitabu chake barazani. Amanita: chini ya kofia kuna vipande vyembamba vimepangana kama kurasa. Shingoni pete. Na chini kabisa, udongoni, kikombe, ambamo uyoga ulizaliwa kama kifaranga ndani ya yai. Bila kikombe hujui kitu. Ndugu mmoja ni kitoweo, ndugu yake anaua.

Shida: kuokota uyoga huku ni kazi ya kina mama. Mimi nimeshapita jando. Nikionekana porini na kikapu, Cuthbert atanitungia wimbo.

Ijumaa, 13 Januari

Nimepata njia ya heshima. Nimeiba kwenye kikapu cha Mama.

Uyoga mzuri sana, rangi ya embe bivu, pete yake safi. Kikombe hakuna! Mama huukata shina hukohuko porini ili mchanga usifike jikoni. Wote kikapuni umekatwa. Nilikaa nao muda mrefu.

Nyuma ya choo chetu umeota uyoga mweupe ambao hakuna anayeugusa. Una kikombe kizuri. Nikakichomoa. Nikachukua gundi ya mkorosho, nikabandika. Kikakaa kama kimezaliwa pale. Nikanawa mikono mpaka ngozi ikajikunja.

Jumamosi, 14 Januari

Bi Julia alipiga kiyowe kidogo. Alichora mpaka chai ikapoa. Lori ni langu! Cuthbert akauliza nimeuokota wapi. Nikasema mbali. Akauliza mbali wapi. Nikasema mbali kabisa.

Jioni Bi Julia akaja kwetu, uso umebadilika. Akamwambia Baba kwamba kikombe kile ni cha aina inayoua. Kumbe uyoga wa rangi ya embe ni hatari, usiliwe tena. Baba ni mwalimu wa kanisa, basi atangaze.

Sikulala vizuri. Nilimfikiria Agnes, nikalala.

Jumapili, 15 Januari

Baba ametangaza. Huu ni mwezi wa njaa, mahindi bado mabichi, uyoga ndiyo mboga. Shangazi Stamili akauliza kwa sauti kutoka upande wa wanawake: "Sasa tule nini, Mwalimu? Kengele?"

Nilisimama niseme ukweli. Kanisa lote likanigeukia. Nikajifanya natafuta wimbo, nikakaa.

Mchana tumekula uyoga. Baba alisema tangazo linaanza kesho.

Jumatatu, 16 Januari

Bi Julia kasikia kwamba Chiwata nzima ilikula. Akaja mbio na ndoo ya maji ya chumvi, nyumba kwa nyumba, kila mtu anywe atapike. Mzee Bwanali alisema jino linamuuma, hajala kitu tangu juzi. Akaambiwa wagonjwa wote husema hivyo. Akanywa.

Mimi peke yangu nilijua kwamba hapakuwa na sumu kwenye tumbo la mtu yeyote. Zamu yangu ilipofika nikafungua kinywa nikiri. Bi Julia akamimina.

Jumanne, 17 Januari

Hakuna aliyekufa. Bi Julia anashangaa kwa Kiingereza.

Mvua ilinyesha usiku kucha, kila kitu kina unyevu. Asubuhi, nikiwa kwa Bi Julia, kikombe kilidondoka juu ya mchoro. Cuthbert alikuwapo, amejipeleka kusaidia. Akakiokota, akanusa. "Hii gundi ya mkorosho, Bi Julia. Sisi tunabandikia vitabu."

Bi Julia hakufoka. Alisema alinidhani mkweli kwa kuwa huwa sisemi.

Shangazi Stamili alifoka kwa niaba yake. Alisema nimemtapisha mlo wake wote wa Jumapili, na kama kikombe kile kingedondokea sahani badala ya karatasi ningeua ukoo. Mama amesema kuanzia leo nitambebea kikapu porini, mchana kweupe, na kila uyoga nitaung'oa na kikombe chake. Mchanga nitausafisha mimi.

Wimbo wa Cuthbert una beti nyingi. Sauti yake ni nzuri, lazima nikubali.

Jumatano, 18 Januari

Lori limeondoka na Cuthbert. Akiwa juu ya mizigo aliniita mbele za watu: "Yeremia! Newala nimsalimie nani?" Wote wakanitazama. Nikasema hakuna.

Lori lilipokwisha kukata kona nikasema Agnes, wazi kabisa, sauti haikutetemeka. Mbuzi mmoja aligeuka.

Ijumaa, 27 Januari

Wamerudi. Cuthbert amezungumza na Agnes. Kwa Kiingereza! Anasema hajambo, anacheka sana.

Bi Julia amemaliza uyoga. Mwezi wa tatu anarudi Newala, safari hii kwa ajili ya vipepeo, na kijana atakayempatia kipepeo ambaye yeye hajawahi kumwona ndiye atakwenda naye.

Nimeshakamata wawili wa kawaida, mmoja wa njano, mmoja mweusi. Nimepima. Mabawa yao yanalingana.