Majalada ya Kijani ya Mzee Chonga

Jumatatu, 2 Agosti 1999
Mke wangu Mwanarusi kanipa siku kumi na moja. Ijumaa ya tarehe kumi na tatu, sanduku la vitabu vya marehemu baba likiwa bado limekaa pahali anapotaka kuweka cherehani yake, vitabu vinapakiwa mkokotenini hadi jaani Kibarani. Mke huyu! Baba alikuwa gadi wa treni miaka ishirini na sita. Riwaya hizi za Kiingereza alizisoma zote kwenye behewa la mwisho: za bei rahisi, majalada ya karatasi, majambazi na mabibi mabega wazi. Ndizo alizoniachia. Kuzitupa siwezi. Kuziuza kwa heshima, hilo naliweza.

Jumanne, 3 Agosti
Duka la kompyuta, Barabara ya Digo. Msimamizi ni Barnabas, mtu wa Bungoma, avaaye tai hata kwenye joto hili. Kanionyesha mnada wa intaneti. Nimeandika tangazo kwa kidole kimoja: vitabu arobaini, vimetunzwa ndani ya sanduku la mbao lililopigiliwa njumu za shaba kwa pambo. Barnabas akauliza kama natafuta swichi ya taa gizani.

Alhamisi, 5 Agosti
Mteja! Mzungu wa Kanada, jina lake Jeremy. Anavitaka vyote! Kasisitiza vije vilevile vilivyo, nisivitengeneze hata kidogo. Mtu mwenye adabu, hataki kunitia gharama. Lakini mimi nimelelewa. Nimpelekee mgeni vitabu vilivyochomoka nyuzi, na mabibi wale juu yake? Huenda ana mke. Nimevibeba vyote kwa Mzee Chonga, fundi wa kujalidi hapa Kibokoni. Tumekubaliana majalada mapya ya kijani, na maua ya dhahabu. Barnabas kanisihi nimuulize mteja kwanza. Wivu tu.

Jumatatu, 9 Agosti
Vimetoka! Loo! Vigumu, vizito, vinang'aa. Unaweza kumwekea kadhi mezani. Majina hayakuandikwa, maana Mzee Chonga aliyasoma akasema hayastahili dhahabu yake. Nimemwandikia Jeremy habari njema, kwa herufi kubwa zote.

Jumanne, 10 Agosti
Jeremy kajibu. Barnabas alisoma kabla yangu, akalegeza tai. Kumbe Jeremy alitaka majalada! Yale ya karatasi! Zile picha! Bila hizo, anasema, vitabu havimfai kitu.

Mbio kwa Mzee Chonga. Akanijibu bila haraka kwamba picha kama zile hazilali nyumbani kwake, kampa Charo, muuza njugu wa Marikiti, afungie njugu zake. Mbio kwa Charo. Nimenunua vifuko kumi na saba vya njugu, nikavikunjua kimoja kimoja. Nimepata bibi mmoja na nusu ya jambazi. Bibi ana mafuta uso mzima. Njugu nimezila zote kwa uchungu.

Alhamisi, 12 Agosti
Tumbo linaniendesha. Kesho Kibarani. Nimekaa kando ya sanduku nikamkumbuka baba akirudi safari, kitabu mfukoni, ukurasa umekunjwa sikio ili asipotee. Nimelia. Naandika wazi, kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu.

Mwanarusi kaja kuona kuna nini. Kachukua kitabu kimoja cha kijani, kafungua, kasoma amesimama. Kisha kakaa. Hakuinuka mpaka wali ukaungua.

Ijumaa, 13 Agosti
Mkokoteni haukuja! Asubuhi Mwanarusi alimwazima shoga yake Kadzo kitabu kimoja. Mume wa Kadzo kamkuta mkewe kainamia kitabu cha kijani chenye maua ya dhahabu. Akadhani mke kashika dini. Kaingia jikoni mwenyewe kumpikia chai! Habari zikaenea Kibokoni kabla ya adhuhuri. Alasiri wanawake sita mlangoni, wote wanataka kushika dini. Mwanarusi kavipanga rafuni na kafungua daftari la waazimaji. Kanisifu mbele yao kwa kuvijalidi. Nikasema nilikuwa nimepanga hivyo tangu mwanzo.

Lililobaki ni sanduku tupu. Cherehani bado inalisubiri liondoke.

Jumatatu, 16 Agosti
Jeremy tena! Vitabu kasamehe. Sasa analitaka lile sanduku la njumu nililolitaja. Lije lilivyo, anasema, na mikwaruzo yake, nisilifute hata vumbi. Adabu za mtu huyu! Barnabas kanishika mkono, kanitaka niyarudie maneno hayo mara tatu mbele ya wateja wake, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nimeyarudia vizuri kabisa.

Njiani kurudi nimenunua makopo mawili ya rangi ya mafuta. Kijani, lifanane na vitabu. Zile njumu zilizochakaa Mzee Chonga atazing'oa kesho. Charo keshasema atazichukua.