Uzinduzi wa Kituo cha Kupeana Mikono, Blæsholt

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Manispaa ya Blæsholt, ambaye yuko likizo Mallorca lakini kiroho tuko naye. Waheshimiwa Madiwani wenzangu, ambao viti vyao vinane mnaviona hapa mbele vikiwa na majina yao na havina watu. Ndugu Mkurugenzi wa Idara ya Ujumuishaji, Ndugu Kaimu Mkurugenzi, na Ndugu Anayekaimu Nafasi ya Kaimu. Kamanda wa Zimamoto pamoja na gari lake. Bi Bodil Krogh wa Masijala, mwenye daftari. Mama yangu mzazi, Bibi Agnete, ambaye sikuarifiwa kwamba atakuja. Ninyi waombaji uraia kumi na wanne, ambao leo ni wageni rasmi kwa mara ya mwisho. Mabibi na mabwana. Itifaki yote imezingatiwa, hata kwa wasiokuwepo.

(Makofi machache. Upepo unachukua bendera tatu za karatasi.)

Nasimama mbele yenu, mimi Torkild Mosegaard, diwani kwa vipindi vitano mfululizo na Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Ujumuishaji na Maegesho ya Baiskeli, nikiwa na furaha isiyo kifani, unyenyekevu usio na mfano, na hotuba ya kurasa ishirini na tatu, ambayo kwa kuheshimu muda wenu nimeipunguza kutoka arobaini.

(Sauti kutoka nyuma: "Bwana wee, sisi tunataka mkono tu!")

Nimekusikia, ndugu yangu, na nakupongeza kwa kujenga hoja kwa ufupi, jambo ambalo ni tunu ya taifa letu. Kama mnavyofahamu, na kwa wale wasiofahamu nitafafanua, majina yenu kumi na manne yamekwishaandikwa katika sheria ya nchi. Bunge la Denmaki limeshapiga kura, mtihani wa lugha mmeufaulu, mtihani wa historia mmeufaulu kwa wastani wa asilimia tisini na mbili, ambao ni zaidi ya wastani wa madiwani tulipojaribiwa kwa mzaha kwenye karamu ya Krismasi, na kilichobaki ni tendo moja tu, nalo ni kupeana mkono na mwakilishi wa Manispaa, mkono wa kulia, kiganja kwa kiganja, bila glavu, ndani ya miaka miwili tangu sheria ilipoanza kutumika. Miaka hiyo miwili inatimia leo hii, Ijumaa.

(Bi Bodil, bila kuinua kichwa: "Na leo daftari linafungwa saa tisa kamili, Torkild. Sasa hivi ni saa nane na nusu. Atakayekuwa hajapewa mkono, jina lake linafutwa.")

Asante, Bi Bodil, kwa ufafanuzi huo wa kitaalamu. Wapo wenye nia mbaya wanaouliza: mbona sherehe hii imeahirishwa mara nne? Nawajibu kwa kifua mbele kwamba haikuahirishwa, ilipangwa upya kimkakati, kwa sababu Kamati yangu iliona ni aibu kwa binadamu aliyesubiri miaka kumi na tisa kupewa mkono katika kantini ya Manispaa, kati ya mashine ya kahawa na kabati la vikombe visivyo na wenyewe, ilhali tungeweza kumpa mkono huohuo ndani ya Kituo cha Kisasa cha Kupeana Mikono, cha kwanza katika ukanda wote wa kaskazini, ambacho kimesimama hapa nyuma yangu, chini ya turubai hili la buluu, kikisubiri saa yake ya kihistoria!

(Makofi. Turubai linavimba kwa upepo. Mtu anasema: "Mbona kinapumua?")

Kinapumua kwa sababu kina mfumo wa hewa safi. Ndugu zangu, upembuzi yakinifu uliofanywa na washauri elekezi kutoka mji mkuu ulibaini kwamba mkono wa kawaida wa Manispaa huchukua sekunde nne nukta tatu, na kati ya hizo sekunde moja nzima hupotea katika kutafuta mkono wa mwenzako uko wapi. Kituo hiki kitapunguza upotevu huo kwa asilimia thelathini na nane! Kina vyumba kumi na viwili vya kupeana mikono, mashine ya kutoa namba za foleni, mashine ya kupasha viganja moto, chumba cha kutulia kwa wale watakaolia, na chumba cha pili cha kutulia kwa maofisa watakaochoka kuwaona wanaolia. Huo ndio ujumuishaji wenye tija. Huo ndio mnyororo wa thamani!

(Bi Zarmina Hotak, msaidizi katika nyumba ya wazee, aliyesimama nyuma ya kiti cha magurudumu cha Bibi Agnete, anainua mkono.)

Naona mkono. Karibu, mama.

("Mheshimiwa, samahani kukukatiza. Mimi nina dada yangu Toronto. Hatujaonana miaka kumi na saba. Kwa pasi hii ya ukimbizi wamenikatalia viza mara tatu. Mwezi wa Februari atafanyiwa operesheni ya moyo. Nikirudishwa kwenye fomu ya kwanza leo, ni miaka mingine mingapi? Nipe mkono sasa, hotuba nitaisikiliza nikiwa raia. Nitaisikiliza yote, naapa.")

(Makofi makubwa kuliko yote mpaka sasa.)

Swali zuri sana, na limenigusa, na nitalijibu kwa kina katika sehemu ya nne ya hotuba yangu. Kwa sasa tuko sehemu ya pili, inayohusu mchakato shirikishi wa kuchagua rangi ya zulia.

(Bibi Agnete, mwenye miaka tisini na moja, kwa sauti ya kushangaza: "Torkild! Umeanza lini kuongea hivyo? Ulipokuwa mdogo ulikuwa husemi hata ukibanwa na haja!")

(Kicheko kirefu. Kamanda wa Zimamoto anageukia gari lake ili asionekane.)

Bibi Agnete ni mdau muhimu na maoni yake yamepokelewa. Naendelea. Katika suala la zulia, wadau mia mbili na sita walishirikishwa kupitia dodoso, wakajibu saba, na kati ya hao saba, watano walitaka kujua kwa nini taa ya barabara ya Møllevej haiwaki. Kamati haikukata tamaa. Tulikutana. Tukakutana tena. Tulisafiri kwenda Reykjavik kujifunza namna wenzetu wa Aislandi wanavyopeana mikono, tukagundua kwamba wanapeana kama sisi, na ugunduzi huo tumeuandikia ripoti ya kurasa mia moja na kumi yenye picha za rangi, ambamo mimi naonekana mara thelathini na nne.

("Saa tisa kasoro robo," anasema Bi Bodil, akifunika kalamu yake na kuifunua tena.)

Naahidi! Naahidi mbele yenu kwamba ifikapo mwisho wa muongo huu, hakuna mkazi wa Blæsholt atakayetembea zaidi ya mita mia tano kufuata mkono wa Serikali! Naahidi mkono unaotembea, utakaofika hadi visiwani kwa feri! Naahidi mfumo wa kidijitali ambapo mwombaji atabonyeza kitufe akiwa nyumbani kwake na mkono—

(Sauti ya kijana wa Kisyria mwenye suti mpya: "Mkono utoke wapi, kwenye simu?")

Hilo linafanyiwa kazi. Nani anasogea huko? Naomba tubaki kwenye viti vyetu. Bi Zarmina, naomba... Bi Zarmina, kiti hicho cha magurudumu kinakanyaga waya wa kipaza sauti.

(Bi Zarmina anasukuma kiti mpaka chini ya jukwaa na kufunga breki. Bibi Agnete: "Torkild, toa mkono.")

Mama, niko ukurasa wa tisa.

("Mkono.")

Mama, hapa mimi ni diwani, kuna itifaki, kuna—

("Huyu ndiye anayenivalisha soksi asubuhi. Huyu ndiye niliyemlilia siku ya kuzaliwa kwangu, wewe ulipotuma maua na kadi yenye nembo ya Manispaa. Toa mkono, wa kulia, kabla sijasimama. Na unajua daktari amenikataza kusimama.")

Ndugu wananchi, kwa kuzingatia mazingira, na bila kuathiri mpangilio wa hotuba, naiweka hotuba chini kwa muda...

(Upepo unachukua ukurasa wa tisa. Halafu wa kumi. Halafu zote. Watu kumi na wanne wanatazama karatasi zikivuka uzio, na hakuna hata mmoja anayekimbilia kuziokota.)

Basi. Haya. Bi Zarmina Hotak, kwa mamlaka niliyopewa... Karibu. Hongera. Mkono wako mkavu sana, Bi Zarmina, umepasuka hapa kwenye kidole.

("Ni sabuni, Mheshimiwa. Nawa, vaa glavu, vua glavu, nawa. Kutwa nzima.")

Sikujua. Kusema kweli sikujua, na sina takwimu ya hilo. Bodil, mwandike.

("Ameshaandikwa," anasema Bi Bodil. Bi Zarmina hajaachia mkono. Analia na kucheka kwa pamoja, na wenzake wanapiga kelele za furaha kwa lugha sita.)

Wa pili! Njoo, kijana wa suti. Hongera. Wa tatu, hongera, mtoto mbebe kwa mkono wa kushoto, ninahitaji wa kulia. Wa nne. Wa tano, taratibu, mzee, mkono huu nautumia pia kula. Wa sita, hongera. Wa saba, vua glavu, dada, najua ni baridi. Jamani, mbona kazi hii ni nyepesi? Wa nane. Wa tisa na wa kumi, wanandoa, mmoja mmoja tafadhali! Wa kumi na moja. Wa kumi na mbili, sambusa hiyo ihamishie mkono mwingine. Wa kumi na tatu. Wa kumi na nne!

("Saa tisa kasoro dakika moja," anasema Bi Bodil, na anafunga daftari. Kisha, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika miaka yake ishirini na sita ya kazi, anapiga mluzi.)

Blæsholt!

(Hurra!)

Mkono wangu, mkono wako!

(Hurra!)

Kituo kwanza, mengine baadaye!

(Badala ya hurra, Bi Zarmina: "Mheshimiwa, sasa mimi ni raia, sivyo?")

Raia kamili, tangu dakika nne zilizopita.

("Basi kama raia naomba kuona jengo." Anatembea hadi kwenye turubai, na kijana wa suti anamsaidia kushika kona ya pili.)

Ndugu raia wapya, nawaomba kwanza niruhusiwe kutoa shukrani, kwa sababu shukrani hutolewa kabla ya... Nawashukuru watu wa mahema kwa kutuazima turubai, ambalo linatakiwa lirudi Jumatatu. Namshukuru fundi seremala aliyesimamisha nguzo nne za kulishikilia, akaniuliza nguzo ni za nini nami nikambadilishia mada. Namshukuru mchoraji wa ramani, ambaye ramani yake ni nzuri mno, imefungwa kwenye fremu na iko juu ya kochi langu. Nawashukuru wajumbe wa Kamati Ndogo kwa vikao thelathini na kimoja juu ya zulia la jengo ambalo hakuna yeyote kati yetu, nikiwemo mimi, aliyekumbuka kuliombea kibali.

(Turubai linaanguka. Nyuma yake kuna majani, beseni la maji, na ng'ombe saba weusi kwa weupe, ambao wanageuka wote kwa pamoja.)

Na namshukuru kwa namna ya pekee Bwana Ejnar, mwenye malisho haya.

(Kicheko kinachukua muda mrefu. Kijana wa suti anampa ng'ombe wa mbele mkono wa kulia. Bi Zarmina anafungua sufuria yake na kuanza kugawa bolani, chapati za kwao zenye viazi ndani, akianza na Kamanda wa Zimamoto. Anampelekea na diwani moja, kwenye karatasi. "Kula, Torkild," anasema. Hasemi tena Mheshimiwa.)

Asante. Asanteni nyote kwa kuja kuzindua kitu ambacho hakipo na hakikuwahi kuwepo. Sina ukurasa mwingine. Mama, kesho nitakuja kukuona.

(Bibi Agnete, mdomo umejaa: "Saa ngapi?")

Saa nne asubuhi, Mama.

("Njoo saa mbili," anasema Bi Zarmina. "Ndiyo saa ya soksi.")