Hamira ya Mama Mapipa

Jumatatu, 3 Juni
Tumefika ugenini salama, kwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Mji mdogo, barabara mbili, duka moja la viatu. Mabegi hayajashuka, mke wangu kashanionya: nikimwaibisha mbele ya mdogo wake, nitarudi nyumbani peke yangu. Nimekubali. Safari hii mimi ni mtu mpya.

Shemeji kauliza kama bado nafuga kware. Kauliza huku anacheka! Walikufa wote mwaka juzi. Anajua.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji katupeleka kiwanda cha bia. Kiwanda gani! Banda la mabati nyuma ya fundi baiskeli, mapipa manne, sakafu imelowa. Mwenyewe ni mama wa makamo, buti za mpira hadi magotini. Wanamwita Mama Mapipa. Bia yake, niseme ukweli, nilionja, nikaonja tena, machozi yakanilenga. Na wateja wamejaa kama siafu!

Siri ni hamira. Anachota povu la pipa lililoiva, analiweka kwenye mtungi wa kioo, kesho yake analitia pipa jipya. Karithi kwa mama mkwe wake. Alieleza mengi, mara hamira inapumua, mara sijui nini. Sikusikiliza. Nilikuwa napima kwa macho kutoka mtungi hadi mlango. Nikifika nayo nyumbani, nani atacheka tena habari za kware?

Halafu mtungi wenyewe kaufunika kwa kitambaa! Watu wengine hawajui thamani ya walicho nacho.

Jumatano, 5 Juni
Nimerudi peke yangu, nikasema nimesahau kofia. Kofia ilikuwa kichwani. Mama Mapipa akasema nitafute vizuri, huenda iko karibu. Alipoinama kusukuma pipa, nikajaza chupa ya chai ya mke wa shemeji. Nikaongeza sukari vijiko vinne, isife njaa. Kifuniko nimekikaza kwa mikono miwili, nikamalizia na koleo. Hata harufu haitoki! Nimeificha kabatini, nyuma ya suti ya shemeji. Ijumaa ataivaa, wanampandisha cheo.

Najua ni wizi. Nimejuta sana. Lakini kujuta na kurudisha siku hiyo hiyo, ni kazi nyingi kwa mtu mmoja.

Alhamisi, 6 Juni
Tulikuwa tunakunywa chai. PAAA! Shemeji akaingia chini ya meza. Mkewe akakimbilia jiko. Mimi peke yangu sikushtuka, na hilo ndilo lililoniponza.

Mlango wa kabati umebaki na bawaba moja. Suti kama imetapikiwa na ng'ombe. Shemeji kasema afadhali kware, wale walikufa kimya. Mke wangu akaenda chumbani. Alitoa nguo zake kwenye begi letu, akaacha zangu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamfuata uani, nikamwambia yote. Akajibu kwamba mwenye mali si yeye.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji kaenda kupandishwa cheo na koti langu, mikono imemkomea viwikoni. Mimi kwa Mama Mapipa, mke wangu nyuma kama askari. Nikaungama. Mama Mapipa alicheka mpaka akakalia ndoo. Kumbe aliniona! Na kumbe hamira yake humpa yeyote anayeomba. Kuomba tu! Hata fundi baiskeli anayo.

Adhabu: kusugua mapipa yote manne, kwa ndani, mzima mzima. Mgongo wangu jamani! Nilipomaliza akanipa mtungi wangu mwenyewe wa hamira, na kitambaa chake. Akarudia mara tatu nisiuzibe. Mke wangu kasema haya, hii ndiyo nafasi ya mwisho. Nguo zake zimerudi begini.

Jumapili, 9 Juni
Tuko kwenye basi, safari ya saa tisa. Nimebadilika kabisa. Siibi tena maishani. Ila kitambaa kinanuka, na barabara ni mashimo matupu. Mke wangu aliposinzia nikabana kifuniko cha bati, nikakizungushia selotepu. Kwa safari hii tu. Mtungi nimeuweka begini, katikati ya magauni yake, pasipotikisika. Sukari nimetia vijiko viwili, si vinne. Mtu hujifunza.

Breki za basi hili zinalia ssss muda wote. Ajabu, maana tumesimama.