Masanduku Mbili ya Papa Gamaliel na Centre ya Kupima Miaka ya Vyuma

Bwana Mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye alizuiwa kuja, na Mwakilishi wa Mwakilishi, ambaye alikubali kuja. Bwana Chef wa Quartier pamoja na Bibi yake. Bareverendi Bapasta, Bapadri na Bamasista. Bwana Président wa Bachauffeur wa barabara ya Beni. Mama Présidente wa Bamama ba Maharagi. Nyinyi bote mulio na viti na nyinyi bote mulio simama ju viti vimekosa. Kila mutu kwa cheo na heshima yake, protokoli ikiwa imechungwa yote, hata ile tuliyosahau: mimi, Élisée, Chef de Service wa Vitu vya Zamani, Intérimaire tangu miaka kumi na moja, ninawasalimia. (Makofi. Mutu mumoja nyuma anasema sauti haifike.)

Sauti itafika, Papa, iko katika phase ya pili.

Donc, leo Butembo inaandika historia, ju tunafungua rasmi Centre ya Kutambua na Kupima Miaka ya Vyuma vya Muchezo vya Zamani, yaani vile vipande vidogo vyenye matundu, na vis zao za kukazia, na magurudumu zao za meno, ambavyo batoto ba zamani balikuwa banaungaunga mpaka vinakuwa gari, daraja ao grue ya kuinua mizigo, Centre ambayo itakuwa na bataalamu arobaini na saba, antenne moja, yaani tawi, ku Mavivi karibu na uwanja wa ndege ili vyuma vya ngambo vipimwe vikishuka tu, na ambayo, kulingana na masomo yaliyofanywa na bureau yangu, itapunguza ujinga wa vyuma kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. (Makofi. Mwalimu mumoja anatikisa kichwa.)

Mwalimu, hesabu hizo ni za kitaalamu, hazifundishwake ku primaire.

Lakini mutaniuliza: Chef, wazo kubwa namna hii lilitoka wapi? Lilitoka kwa Mama Mariette, huyu hapa mbele, muuza vitambaa, ambaye mwezi wa pili aliingia mu bureau yangu bila rendez-vous. Nilikuwa katika réunion. (Sauti ya Mama Mariette: «Ulikuwa unakula ndizi.») Nilikuwa katika réunion na ndizi. Akaniambia: «Chef, bakaka zangu babili habasemeshane miaka tisa. Joyeuse, binti yangu, anaolewa, na hakuna mujomba anayekubali kuketi ku meza moja na mwenzake. Na yote hii ni ju ya sanduku mbili za vyuma.»

Mimi nikaelewa mara moja kwamba ni dossier ya strategia.

Baba yao, marehemu Papa Gamaliel, alikuwa fundi wa mbao ku Kasugho. Wakati alikuwa mutoto, padri moja ya mission alimupatia sanduku ya vyuma hivi, na vilikuwa tayari vizee, vya mbele yeye mwenyewe azaliwe. Kisha, akiwa mutu mukubwa mwenye ndevu, alinunua vingine Kampala, vipya, ju hakuweza kuacha huo muchezo. Na alikuwa anasemaka mbele ya batoto: «Ile ya mission njo roho yangu.» Mbele ya kufa akampatia Salomon, mukubwa, sanduku moja, na Siméon, mudogo, sanduku moja. Hakueleza kitu. Bazee betu banapendaka kuacha kazi kwa serikali. (Kicheko.)

Siku ya maziko Siméon akachungulia sanduku ya Salomon, akaona magurudumu ya shaba yenye meno, akasema mu roho: Baba alimupatia Yaya, mukubwa wangu, ile ya mission. Salomon naye akachungulia ya Siméon, akaona vyuma vyeupe vinangaa, akasema mu roho: Baba alimupatia mudogo ile ya mission. Kila mutu, akiisha kuona vya juu tu, akazani kwamba mwenzake njo alipendwa. Salomon akabaki Butembo na duka yake ya misumari, Siméon akaenda Mavivi kulima kakao, na kati yao hata simu ya Noeli hapana. Kila mutu akajaribu peke yake kuunga ile grue ya baba yao. Kwa Salomon mukono wa grue ukaanguka. Kwa Siméon haikusimama hata.

Mbele ya hali hiyo, service yangu ikatuma mission ya hali ya juu, yaani mimi, pamoja na expert wetu wa kimataifa, Mama Jokébed, ambaye anatengenezaka mashini za kushona ku Kirumba. (Sauti ya Mama Jokébed: «Wa kimataifa namna gani?») Mama, uliisha kutengeneza mashini ya mutu wa Uganda. Tukaita bandugu hao babili mu nyumba ya Mama Mariette, kila mutu na sanduku yake. Balifika, bakaketi, mumoja akiangalia mulango, mwingine akiangalia dirisha. Mimi niliongoza kazi yote kutoka ndani ya gari, ju mvua ilikuwa inanyesha na cheo kinaogopa mvua, lakini kioo kilikuwa wazi kidogo, na nilisikia yote.

Mama Jokébed akamwaga vyuma vyote chini, ku kitenge, mafungu mbili. Kuacha magurudumu ya shaba, vya Salomon vilikuwa kijani vyote. Vya Siméon vyeupe vyote. Akauliza: «Nani alipaka hii rangi?»

Salomon akasema: «Ni mimi. Rangi ya kinga. Nilitaka vikuwe vizuri.»

«Na hivi vyeupe?»

Siméon akasema: «Nilivisugua na muchanga na petroli. Nilitaka vifanane na vya Baba.»

Mama Jokébed akatoa sindano ya mashini. Akakwangua pole pole chuma moja ya Salomon, na chini ya kijani kukatoka weupe, kama kijiko cha zamani. Akawaambia: «Hii ni ya kwanza. Bazungu balianza kwa kuvitengeneza hivi, vyeupe, bila rangi. Kisha njo balileta nyekundu na kijani. Njano ilikuja nyuma kabisa.» Akakwangua ingine ya Salomon: njano. Akachukua moja ya Siméon, akaangalia mu ukingo wa tundu, pahali muchanga haufikake: njano. Ingine: hakuna rangi hata kidogo, weupe mutupu. Kisha akashika magurudumu ya shaba, akawaonyesha kale kashingo ka katikati: ya zamani iko na tundu moja tu ya vis, ya kisha iko na mbili. Vile vile, ku kila fungu, ya zamani na ya kisha, zimechanganyika.



Akapanga upya, vya mission huku, vya Kampala kule, akahesabu kwa sauti. Mu sanduku ya Salomon, vya mission, makumi tatu na moja. Mu sanduku ya Siméon, vya mission, makumi tatu na moja. Papa Gamaliel alikuwa amegawa ile roho yake katikati, kipande kwa kipande, mpaka magurudumu, na grue hakuna mutu aliweza kuisimamisha bila vya mwenzake.

Salomon akakaa na chuma mu mukono. Akasema: «Miaka tisa nilizani ulipewa.»

Siméon akasema: «Yaya, na mimi nilizani ni wewe.»

Kisha bakaketi chini, bazee babili na mvi, bakaanza kuunga. Ilichukua saa mbili na nusu. Hapa ninaomba itambuliwe kwamba sikuondoka, hata kama mafuta ya gari ilikuwa inaisha. Grue ikasimama, kamba ikapita mu magurudumu, lakini mwisho wa kamba hakukuwa na ndoano. Bakatafuta mu kitenge, bakatafuta chini ya kiti. Njo Mama Mariette akatoa funguo zake mu mufuko, na ku funguo kulikuwa kandoano keupe, kadogo, ka mission.

Salomon akauliza: «Wewe nawe alikupatia?»

Akajibu: «Tangu siku ile ile. Lakini hakuna mutu aliniuliza. Mulikuwa munagombana.» (Bamama banacheka muda murefu. Mumoja anamushukuru kwa Kinande: «Wasingya, Mariette.»)

Kwa hiyo, ndugu zangu, Joyeuse aliolewa juma ya nyuma, bajomba bote babili baliketi ku meza moja, na bakabishana tu ju ya kiazi. Ni matokeo ya wazi ya politiki yangu, ambayo wengine bangefikia kwa miaka kumi, na mimi nilifikia kwa alasiri moja na kioo wazi kidogo.

Vyuma vya zamani. (Oyee.) Vis na boulon. (Oyee, kwa sauti ya chini.) Centre yetu, mbele. (Mutu mumoja anauliza iko wapi.)

Njo hapo ninafika ku shukrani. Ninashukuru mwenye depo hii ya kahawa, aliyekubali tufunike kibao cha jina lake na kitambaa mpaka saa sita kamili. Ninashukuru serikali, ambayo haijajua bado kwamba iko na Centre. Ninashukuru secrétaire wangu, aliyeahidi kwamba tukipata karatasi, tutaanza kufikiri namna ya kuandika projet. Na ninashukuru kwa pekee Mama Christa kwa kamba hii tuliyoweka ku mulango. Tusiikate, tuifungue tu, pole pole, ju ni ya mbuzi yake, na mbuzi imekwisha kuanza kutembea kuelekea maharagi ya Mama Présidente.