Malalamiko Kuhusu Ushindi Wetu wa Jumamosi

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Kriketi ya Mtaa wa Mafundi.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu, na pole kwa ushindi.

Najua wewe ni shemeji yangu, na najua kati ya duka lako la kunyolea na cherehani yangu kuna ukuta mmoja tu, tena mwembamba, kiasi kwamba kila ukimlaza mteja kiti chako hugonga upande wangu na mimi hukosea mshono. Ningeweza kuugonga na mimi nikakueleza haya kwa mdomo. Lakini jambo ni zito, linataka karatasi. Nakuandikia kama mweka alama wa klabu, si kama mume wa dada yako.

Mechi ya kufungua msimu tumefungwa na timu ya waoka mikate miaka tisa mfululizo. Tulikuwa tumeshazoea, na wao wameshazoea. Jumamosi tukashinda, mikimbio sitini na minne kwa sitini na mitatu, bila kushauriana na mtu yeyote. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Muda. Mechi hii huisha kabla ya chakula cha mchana. Wapigaji wetu huingia na gongo la kupigia mpira na kutoka nalo kama watu waliosahau kitu nyumbani. Kwa kutegemea hilo nilimwambia bwana harusi mmoja aje kuchukua suruali yake saa tisa. Saa tisa tulikuwa bado tunapiga! Akanifuata uwanjani, akaivaa nyuma ya banda la vifaa, akaja kuniuliza imekaaje. Kabla sijafungua kinywa, mashabiki wakamjibu: "Nzuri, bwana harusi, ila usiiname!" Jioni ikaingia tungali pale, upepo ukanipiga tumboni.

2. Hotuba. Unajua kwamba katika klabu hii sichezi, sirushi, sidaki. Vyeo vyangu ni viwili: kuweka alama, na kusoma hotuba ya pole baada ya kufungwa. Hotuba hiyo nimeinoa miaka tisa. Pale penye "tumeanguka, lakini tumeanguka kwa mpangilio," hata nahodha wa waoka mikate hutoa leso. Dada yako, ambaye nyumbani hanisikilizi nikiomba chumvi, siku hiyo hukaa mstari wa mbele na kunisikiliza mpaka mwisho. Ni mara moja kwa mwaka, Mwenyekiti. Safari hii nilikuwa nimeongeza kipande kipya, na nilivaa lile shati jeupe nililoshona mwaka wa kwanza tuliofungwa, ingawa siku hizi linanibana.

Basi mkashinda. Halafu wewe mwenyewe, bila huruma, ukapaza sauti: "Fundi, panda mezani, sema neno!" Neno nililokuwa nalo mfukoni lilikuwa moja tu. Nikalisoma. "Wapendwa, msilie." Wachezaji wetu wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kwani tumefungwa?" Waoka mikate wakaanza kushangilia, na ikabidi hesabu irudiwe upya mbele ya watu wote. Dada yako aliondoka kabla sijafika kwenye kipande kipya.

3. Huyu fundi bomba mnayemwita Koki. Hakuja kucheza, alikuja kuziba bomba la chumba cha kubadilishia nguo. Mchezaji wetu wa kumi na moja alipokwama kwa maumivu ya jino, ukampa Koki gongo. Akalishika kama spana, akauliza, "Hapa nafunga au nafungua?" Ukamwambia, "Wewe piga tu." Akapiga. Mpira ukaruka uzio ukaangukia barabarani, mikimbio sita papo hapo. Uwanja mzima ulisimama wima na kupiga kelele. Mimi peke yangu nilikaa kitako, makopo yangu ya kuwekea alama mapajani, sikutikisa hata ukope, maana mweka alama hana upande.

Hapo niseme wazi, asije mtu akaninyooshea kidole. Tangu mwaka ule wapigaji wetu walipotajiwa hesabu katikati ya mchezo, wakakata tamaa na kwenda zao nyumbani, hatutangazi alama. Kila mkimbio ninaweka kifungo koponi: vyeupe ni vyetu, vyeusi ni vya waoka mikate. Kila upande ukimaliza mipira yake, manahodha wawili humwaga vifungo mezani na kuhesabu. Jumamosi walihesabu mara mbili. Kama kuna kosa katika ushindi huu, na naamini lipo, litafutwe kwingine. Vifungo vyangu havina neno.

4. Matumaini. Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Tangu Jumamosi mtaa huu haufai. Watu wazima wanapunga miavuli hewani wakijifanya Koki. Wewe mwenyewe juzi ulikuwa unamwonyesha mteja lile pigo, wembe ukiwa mkononi, na yule bwana sasa anatembea na nusu ya sharubu. Nilimwona, Mwenyekiti. Alipita dirishani kwangu akiwa ameufunika mdomo.

Na ubaya umeingia mpaka nyumbani. Jikoni kwangu pana ukuta unaosubiri rafu. Umesubiri miaka tisa. Kila dada yako akiuliza, nimekuwa nikimjibu, "Mama watoto, kuna mambo hayawezekani. Mbona sisi hatuwafungi waoka mikate?" Akawa anaelewa. Jumapili asubuhi, kabla sijanawa uso, akaja na lile birika la ushindi mlilonipa nilitunze, akasimama mlangoni. "Baba watoto, waoka mikate wamefungwa. Birika naliweka wapi?" Birika lipo sakafuni hadi leo na kila nikipita nalipiga teke, nalo linalia kama kengele, naye anatoka chumbani kunitazama.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima kamati ifanye yafuatayo. Ushindi ufutwe. Ikishindikana, mechi irudiwe bila Koki, na mapema, ili saa sita tuwe tumefungwa. Ikishindikana na hilo, basi klabu imwandikie dada yako barua rasmi kwamba tulishinda kwa bahati mbaya na kwamba hakuna kilichobadilika, hasa jikoni.

Naamini utalishughulikia hili kwa haki kama unavyoshughulikia vichwa vya watu, yaani pande zote mbili.

Wasalimie shangazi, watoto, wachezaji wote pamoja na yule wa jino, na mwenye nusu ya sharubu ukimpata. Koki msalimie kidogo.

Ni mimi ninayelalamika kwa unyenyekevu,
Fundi cherehani, mweka alama wa klabu.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha pale dada yako alipokuja na lile shati jeupe, anataka kulifua. "Baba watoto, vifungo viwili vya tumboni viko wapi?" Nikakumbuka ule upepo. Nikamwaga kopo la vifungo vyeupe mezani. Vifungo vya klabu vina matundu mawili. Viwili kati ya vile sitini na vinne vina matundu manne, na uzi wangu wa buluu bado umo. Nakiri kwamba Koki alipopiga ule mpira, huenda niliruka kidogo. Dada yako anasema niliruka nikakumbatia mtu nisiyemjua.

Kwa hiyo, ndugu yangu, tulipata sitini na miwili. Tumefungwa kwa mkimbio mmoja.

Shemeji, barua hii ichome. Ushindi wetu usiguswe. Vile vifungo nimeshavirudisha kwenye shati, na rafu nimeigongomea leo mchana. Imelala upande kidogo, lakini birika limekaa, na dada yako amelitazama, akanitazama na mimi, akauliza kama mwakani nitasoma tena hotuba. Nimeshaandika kurasa mbili za ushindi. Waoka mikate wamekaa na birika hilo miaka tisa wakipimia unga, mwaka mmoja hautawadhuru.

Ukikubali, gonga ukuta mara moja. Ukigonga mara mbili, nitachukulia kwamba ni kile kiti chako, nami nitaendelea kusubiri.